Siku Bibi Aliponiita Mtoto

Simu niliiba. Naanza na hilo kwa sababu ndugu zangu wakisimulia huzungukazunguka, mara nilipitiwa, mara shetani. Hakuna cha shetani. Mama mwenye duka aliiacha kwenye chaji, nikaitamani, nikaichukua. Nilikuwa kidato cha tatu, nimepanga chumba Kibiti na wenzangu wawili kwa kuwa kwetu Mbwera ni mbali na shule. Kabla ya adhuhuri simu ilikuwa imerudi kwa mwenyewe na mimi niko kituoni.

Bibi aliyenilea alifika kesho yake, kapanda boti, kisha bodaboda, baibui limerowa hadi magotini. Nilipomwona nikalia kwa aibu. Afande akamwuliza nina umri gani. Swali jepesi, lakini bibi yangu ni kungwi. Ndiye anayewafunda wasichana wa kwetu wanapowekwa ndani, na mwaka uliotangulia alikuwa amenicheza mimi, yaani kunitoa mwali kwa ngoma ya siku mbili. Kwetu mwali akishatoka ni mtu mzima. Ukimwita mtoto umemtukana, na kungwi wake umemtukana zaidi.

"Huyu si mtoto, baba," akasema, kidevu juu. "Keshatoka ndani. Nimemfunda mwenyewe."

Alidhani ananiheshimisha. Afande akakadiria, akaandika miaka kumi na tisa. Nilikuwa na kumi na sita.

Aliyeshtuka ni afisa ustawi wa jamii, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Aliniangalia, akaangalia karatasi, akamvuta bibi kwenye benchi.

"Mama, kwa umri huu mjukuu wako atashtakiwa kama mtu mzima. Atawekwa mahabusu na watu wazima, na jela anaweza kwenda. Akiwa mtoto, ana mahakama yake, na mimi nitakuwepo. Kadi ya kliniki unayo?"

"Ipo nyumbani. Lakini mwanangu, nikasimame mbele ya watu niseme mwali wangu mtoto? Nani ataniletea tena binti yake?"

Na mama mwenye duka naye ni mtu wa Mbwera. Binti yake wa miaka kumi na minne alikuwa awekwe ndani na bibi mwaka huohuo. Bibi aliondoka bila kuniaga. Nilimchukia, sitaficha. Nikajiambia basi, ngoma yake anaipenda kuliko mimi.

Siku ya tatu akarudi na kadi ndani ya mfuko wa nailoni, pembe moja imeliwa na mende. Tarehe ya kuzaliwa ilisomeka.

Mahakama yenyewe ilikuwa chumba chenye meza na viti vya plastiki. Hakimu hakuvaa joho, wala hapakuwa na askari mwenye sare. Mama mwenye duka alikaa mkabala nasi. Nikakiri kosa. Hakimu akaisoma kadi, kisha akamtaka bibi aseme mwenyewe. Bibi akaapa, akamtazama mama mwenye duka, kisha akamgeukia hakimu.

"Ni mtoto, mheshimiwa," akasema. "Nimemcheza, lakini ni mtoto. Nilimharakisha."

Hakimu aliamua niombe radhi, nikae mwaka mzima chini ya uangalizi wa yule afisa, na shule nisikose. Niliomba radhi huku kamasi zinanitoka. Mama mwenye duka akaitikia kwa kichwa tu. Tulipofika mlangoni akamgeukia bibi.

"Wangu atasubiri, shoga. Amalize kidato cha nne, ndipo nikuletee."

"Na amalize," bibi akajibu. Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini nilimwona amepumua.

Barabara kuu malori yalikuwa yanapita mfululizo. Bibi akanishika mkono anivushe, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu anicheze. Upande wa pili walisimama wanafunzi wa darasa langu, wote macho kwangu. Sikuutoa mkono.