Uwanja wa Bibi Haujengwi

Matofali yalifika kabla yangu. Nilishuka kwenye teksi, ufunguo mkononi na cherehani yangu ndani ya buti, nikasukuma lango la nyumba ya Bibi hapa Buyenzi, na cha kwanza kunikaribisha kikawa rundo la matofali ya kuchoma, limepangwa vizuri kabisa pembeni mwa uwanja. Kaka yangu mkubwa, anayekaa Carama, alikuwa ameniwahi. Hata salamu alikuwa hajanipa, na matofali tayari.

Sikiliza, rafiki yangu, maana nikianza na hasira utadhani mimi ni mtu wa ugomvi. Mimi si mtu wa ugomvi. Nikichokozwa tu.

Nyumba yenyewe ni ya matofali ya udongo, vyumba vitatu na sebule, na nyuma yake uwanja mpana ambao ukiuona leo utashangaa. Majirani wote wamejaza viwanja vyao vyumba vya kupangisha, vile tunavyoviita aneksi, ukuta kwa ukuta, mpaka mtu akipika maharage huku, kule wanajua chumvi imezidi. Tangu mama yetu afariki nyumba ilikaa imefungwa, mpaka mimi nilipoamua kurudi kuishi humo. Bati lilitoboka, mchwa wakala miimo ya milango, ukuta wa nyuma ukaanza kumeguka kila mvua ikinyesha. Pesa za kuitengeneza hatukuwa nazo, na kaka alikuja na hesabu yake: tujenge aneksi uwanjani, kodi ya wapangaji itengeneze nyumba. Hesabu haikuwa na kosa, nakubali. Ila alisahau kwamba ule uwanja ulikuwa na kazi.

Ulikuwa uwanja wa masufuria. Zamani, kabla sisi hatujazaliwa, wanawake wa mtaa walichanga wakanunua masufuria makubwa ya kupikia shughuli, wakamchagua Bibi ayatunze, kwa kuwa uwanja wake ndio ulikuwa mkubwa na mdomo wake ndio ulikuwa mkali. Mtu akioza binti, akifiwa, akisoma maulidi, anapita kwa Bibi. Wengi hawakujisumbua hata kuyabeba. Walikuja kupika palepale.

Ah, asubuhi zile! Ulikuwa unaamshwa na moshi wa kuni za mikaratusi kabla ya jogoo. Ukitoka nje unakuta wanawake wameshajaa mikekani wanamenya vitunguu na saumu, wanalia kwa vitunguu na kucheka kwa umbea kwa wakati mmoja. Iliki ikipondwa, harufu inaingia mpaka kwenye shuka. Upande wa barabara mafundi wa gereji wanagonga mabati yao, ko ko ko, na upande wa ndani miko inagonga masufuria, na katikati Bibi, mkono kiunoni, anamfokea mtu kuhusu maji ya wali. Sisi watoto tulifukuzwa kila dakika, na kila dakika tulirudi.

Bibi alikuwa na masharti, na aliyasema mlangoni kabla hujakaa: "Pombe na nguruwe, apana. Vingine vyote, karibu." Hakuuliza dini ya mtu. Mama jirani, ambaye uwanja wake ulipakana na wetu, alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila alfajiri, na arusi za wanawe zote zilipikwa kwetu. Bia waliinywea kwao, ng'ambo ya ua wa matete, na Bibi alijifanya hana pua.

Sharti lake jingine lilikuwa fupi zaidi: sufuria hairudi tupu. Ukishapika, ukishakula, unarudisha sufuria na kitu ndani, hata kiwe kidogo namna gani. Kwetu kilichorudi mara nyingi kilikuwa ukoko wa pilau, ule mkavu wa chini, wenye mafuta na mdalasini, umefunikwa kwa jani la mgomba. Wewe umeshawahi kula ukoko wa pilau ya watu mia? Kama hujala, nakuonea huruma.

Lakini ukoko ulikuwa na kazi yake kwanza. Masufuria yale yalikuwa mapana na yenye kina, na mkono wa mtu mzima haukufika chini vizuri, basi aliyekuwa mdogo kuliko wote aliingizwa ndani kuyasugua. Huyo ni mimi. Wanalilaza ubavu, naingia na majivu, mchanga na donge la nyuzi za mgomba, nasugua huku naimba, kwa sababu mle ndani sauti yangu ilinirudia nzito, ya mwanamke mkubwa mwenye nyumba yake. Kaka alibaki nje kulishikilia lisibingirike. Nikitoka nimekuwa mweusi mpaka kope, Bibi ananipa ukoko nigawane na kaka, na hapo ndipo wizi unapoanza.

"Nani mukubwa?" kaka ananiuliza.

"We."

"Basi kipande kikubwa ni ya nani?"

Nililia kwa ajili ya kipande kile, nikaapa nikikua nitamkomesha. Kwa hiyo unaelewa niliposimama mbele ya lile rundo la matofali nilikuwa namwona kaka gani.

Alikuja jioni ile na futi yake ya kupimia. Nikamwambia arudishe futi mfukoni.

"We mutoto, kichwa yako ngumu sana," akasema. "Watu wa sasa wanafanya arusi mu ukumbi. Kilio kikitokea wanaagiza chakula kwa simu. Nani bado anapika na kuni? Unachunga uwanja wa nini, wa kuanika nguo?"

"Nachunga uwanja ya Bibi."

"Bibi ameshaondoka."

"Ameondoka, hakuhama."

Hata mimi sikujua nimesema nini. Akatembea uwanja mzima, akarudi, akaniwekea sharti lake. "Nakupa mpaka Idi kubwa. Kama hakuna mutu amekuja kuomba kupika hapa, mi nachimba musingi na sitaki kelele."

"Na akikuja?"

"Akikuja hata mumoja, matofali nakuachia, ufanye nayo vile unapenda." Akacheka. Kile kicheko ndicho kilichonipa nguvu ya kushona miezi yote iliyofuata.

Maana nyumba niliitengeneza, tena bila kodi ya mpangaji. Kila sare ya shule niliyoshona ilikuwa kipande cha bati. Haba na haba hujaza kibaba, wanasema, ila kibaba changu kilikuwa kinavuja. Mabati mapya yalitosha vyumba viwili, basi ya zamani yaliyokuwa na uhai nikayahamishia jikoni, matundu nikayaziba kwa lami. Miimo nilinunua kwenye mbao za nyumba zilizobomolewa, nikaipaka oili chafu ya gereji, kwa sababu mchwa hawaipendi. Nyumba ikanuka lori kwa muda, sikujali. Ukuta wa nyuma tuliukandika, mimi na fundi wa ujenzi, kwa udongo, mchanga na majivu, kama Bibi alivyokuwa akifanya kila Ramadhani ikikaribia, na juu nikapiga chokaa mwenyewe, kanga imefungwa kichwani, chokaa inanidondokea machoni. Fundi alikuwa upande wa kaka, si unajua, aneksi kwake ni kazi ya mwaka. Kila akipita uwanjani anatikisa kichwa: "Mama, hii nafasi inalia." Nikamwambia ailetee kitambaa.

Masufuria niliyakuta stoo, yamebaki matatu, yamejaa vumbi na mjusi mmoja. Sasa siingii tena ndani, mwili umekataa, lakini nililala kifudifudi nikayasugua kwa majivu mpaka yakanionyesha meno yangu. Nikayaanika uwanjani, mdomo chini, ili kila anayepita langoni ayaone.

Hakuja mtu.

Binti wa avenyu ya pili aliolewa, wakaenda ukumbini na magari yenye maua. Mzee wa karibu na msikiti akafariki, chakula kikaja kwenye trei, kimefunikwa karatasi inayong'aa. Nilienda kuzika, nikala kile chakula, na sikudanganyi, kilikuwa kitamu, na utamu wake uliniuma. Ukoko haukuwepo. Shoga yangu mmoja akanishauri nimtafute mtu wa kuja kuomba kwa uongo ili nimfunge kaka mdomo. Nikakataa. Bibi alikuwa mkali, hakuwa mwongo. Lakini nilikuwa naogopa, hilo nakwambia wazi. Siku zilizidi kukatika, na kaka akaanza kuniuliza kwa simu, kwa sauti ya upole kabisa, kama nimeshanunua mbuzi wa Idi.

Wiki moja kabla ya Idi nikasikia hodi. Langoni alisimama mwanamke mwenye mvi, kitenge cheusi, na sikumtambua mpaka alipocheka na pengo lake la utotoni. Binti wa mama jirani! Uwanja wao waliuza miaka mingi nyuma, wakahamia Musaga, na pale ulipokuwa ua wa matete sasa kuna ukuta mrefu wa aneksi za mtu nisiyemjua.

"Dada," akasema, "mama alitutoka. Tumeshazika, sasa tunataka kuondoa kilio, tumalize matanga. Kule Musaga tunapanga, uwanja haitoshi hata figa moja. Ukumbi tuliuliza bei, tukarudi kimya. Nimepita tu kuangalia kama..."

"Ingia."

"Bado sijamaliza kuomba."

"Umeshamaliza. Ingia!"

Akaingia, akayaona masufuria juani, akaweka mkono mdomoni. Kisha akasema taratibu, kama mtoto anayesomeshwa: "Pombe na nguruwe, apana. Sijasahau." Hapo nililia, rafiki yangu, nililia kwa sauti, na yeye akalia, mafundi wa gereji wakachungulia wakidhani kuna mtu mwingine amekufa.

Asubuhi ya kupika tukagundua mafiga ya Bibi hayapo. Yale mawe yaliishia kwenye msingi wa mtu. Tukatazamana, tukageuka, tukatazama matofali ya kaka. Nani alikuwa wa kwanza kucheka sijui. Tuliyapanga vizuri, matatu kwa matatu, tukaweka masufuria juu, tukawasha.

Kaka alikuja mchana na kanzu yake nyeupe, maana mama jirani ndiye aliyemfundisha kuogelea, asingeweza kukosa. Moshi ukampiga machoni. Akapangusa, akainama kidogo, akaangalia chini ya sufuria ya wali.

"Haya matofali ni ya nani?"

"Yangu," nikamjibu. "Uliniachia."

Akaenda kukaa na wanaume. Jioni wageni walipoondoka, binti wa mama jirani alituletea masufuria mawili yamesuguliwa safi, na la tatu limefunikwa jani la mgomba. Tulijua kabla hajafunua. Nikaukata ukoko, kipande kikubwa na kipande kidogo.

"Nani mukubwa?" nikamuuliza kaka.

Akapangusa masizi kwenye kanzu. "Leo ni we," akasema, akachukua kidogo, akala amesimama.

Mwaka kesho tutaongea tena, ndivyo alivyosema akiondoka. Nikamwambia aongee na matofali.

Bibi hayupo, mama jirani hayupo, ua wa matete haupo. Masufuria mengine yaliondoka miaka ya vita na watu waliokimbia, na hayakurudi, si matupu wala yenye kitu. Sitajidanganya kwamba moshi wa siku moja umewarudisha wote. Na huenda mwaka mzima ukapita tena bila mtu kubisha hodi. Upite. Wajenge kulia, wajenge kushoto, wajenge mpaka jua lituone kwa kuomba ruhusa, huu hapa katikati haujengwi maadamu mimi nina pumzi na cherehani. Matofali ya kaka yako pale, meusi tii, yamepangwa matatu kwa matatu. Ukiwa na arusi, njoo. Ukiwa na kilio, njoo. Masharti unayajua. Na sufuria usiirudishe tupu.