Wimbo wa Ng'ombe Walioibwa

Asubuhi ile tulikuwa tunapura mtama kwa mama mkwe wangu, kijijini Kinyangiri, wanawake kama kumi, magongo juu, magongo chini. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Sabuni na mitumba vimejaa madukani mpaka Ulemo, tukasema sasa tumepona. Kumbe bunduki nazo zilikuwa zimepata soko.

Wezi wa ng'ombe walikuja mchana kweupe. Walifyatua risasi hewani, wakaswaga zizi zima la mama mkwe na mazizi ya majirani. Wanaume wetu walilala kifudifudi kama sisi. Mwenyekiti akasema tungoje askari kutoka Kiomboi. Tukangoja, wapi! Wezi wakarudi tena.

Ndipo mama mkwe akatunga wimbo. Haukuwa na makuu. Aliwataja ng'ombe waliochukuliwa, Mabaka, Kidoti, Mweupe, na kwa kila jina tuliitikia: "Na wanaume wako wapi?" Tuliuimba mlangoni pa ofisi ya kijiji mpaka mwenyekiti akafunga dirisha. Jamani, ulikuwa mtamu! Siku ile hatukumwogopa mtu.

Mume wangu Yona, kitindamimba wa mama mkwe, hakugusa ugali jioni ile.

"Mama ananiimba mimi," akasema.

"Anawaimba wanaume wote, baba Neema."

"Wote ni nani, kama si mwanawe?"

Wezi walipokuja mara ya tatu, wanaume walifuata nyayo, wakiwa na pinde na mikuki yao. Yona alitangulia.

Tulisikia bunduki korongoni.



Walimrudisha juu ya machela ya miti. Mama mkwe alimfuta vumbi usoni kwa kanga yake, wala hakulia. Mimi nililia mpaka sauti ikakauka, na moyoni nikabaki na donge naye. Nilimpikia, nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, lakini donge halikushuka.

Mavuno yaliyofuata tukapura tena. Wimbo ulianza wenyewe, maana mikono ilikuwa imeuzoea. Mabaka. Kidoti. Mweupe. Jirani yetu mmoja, kwa nia njema tu, akaongeza: "Yona."

Hakuna aliyeitikia.

Mama mkwe aliweka gongo chini. Alinitazama mimi, si yule jirani.

"Mtoeni humo," akasema. "Hao waliibwa. Yona nilimtuma mimi."