Bi Darubini Apanda Vyuma

Majirani walimbandika jina la Bi Darubini, naye hakulikataa. Cherehani yake ilikaa dirishani, ghorofa ya pili: jicho moja kwenye mshono, la pili uani, kwenye vyuma vya kupandia watoto. Mjukuu wake wa miaka minne alishinda hapo. Binti yake, muuguzi, alikuwa amemsihi amwache mtoto apande, maana asiyepanda hajui kushuka. Bibi aliitikia kwa mdomo tu. Moyo ulikataa katakata. Mara ashuke kumfunga kamba za viatu, mara ampelekee maji asiyoyaomba. Kuna siku alishona mkono wa gauni kinyume, akafumua, akaushona tena vilevile.

Asubuhi moja alichungulia akamwona mtoto juu kabisa, ametulia tuli, hasogei. Alishuka mbio, futi ya kupimia ingali shingoni, mlango wazi. Akina mama waliokaa benchini walimwambia mtoto hana neno, lakini masikio yalikuwa yameziba. Akaupanda wavu wa kamba uliofungwa kwenye vile vyuma, ukayumba naye. Alipofika katikati akatazama chini, na hapo akaung'ang'ania wavu: juu hakupandiki, chini hakushukiki.

Mtoto akageuka. "Bibi, na wewe umekuja kuona ndege?"

Kumbe kulikuwa na kiota kwenye ukingo wa paa la gereji, na makinda walikuwa wakilishwa.

"Shuka, mama," bibi alisema kwa sauti nyembamba. "Taratibu, usije ukakwama."

"Sijakwama. Wewe ndiye umekwama."

Akashuka, akampita ubavuni kama maji, akasimama chini yake na kumshika kisigino. "Leta mguu huu. Sasa huu. Usiangalie chini."

"Na wewe uko wapi kama si chini?"

Benchini walibana vicheko, mmoja akaja kumpokea.

Jioni binti alipotoka kazini alikuta habari imemtangulia. Akauliza kwa upole kama bado mtoto akatazwe.

"Apande," bibi akasema. "Ila mimi nisiambiwe nitulie."

Kesho yake alishuka na gauni la kupinda kwa mkono, akakaa pale benchini na wenzake. Alikaa akasimama, akasimama akakaa, lakini ule wavu hakuugusa tena.