Mahat Yarow Naye Ana Maswali

Bilan Hared alizijua siri za nusu ya mtaa wa Waberi, na zote alizipata kwa njia halali: wenye siri walimletea wenyewe, wakamwomba azichape. Duka lake lilikuwa na kompyuta mbili, kiti cha wateja na printa iliyogoma siku za joto, yaani siku zote. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewajazia watu fomu: za vitambulisho, za basari, za Hija, za zabuni, za talaka. Wengine husoma riwaya. Bilan alisoma fomu, na kutokana na fomu alikuwa ameijua dunia kwa namna yake. Aliamini kwamba nchi, kama mtu, huonyesha inachokiogopa kwa lile inalouliza mara mbili. Kuna moja iliyouliza mara mbili kuhusu kifua kikuu. Nyingine iliuliza mara tatu kama mwombaji amewahi kutumia jina lingine. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege wala hakuwa na haraka ya kupanda.

Fomu ya wiki ile ilikuwa ya Norwe, kurasa kumi na moja, na mwenyewe alikuwa Ruweyda, binti wa jirani yake Sharifo. Ruweyda alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa amemaliza kidato cha nne kwa alama zilizomfanya mwalimu mkuu aje nyumbani kwao bila kualikwa, na sasa amepata nafasi katika mpango wa kubadilishana wanafunzi: mwaka mmoja katika shule ya huko, akikaa na familia ya wafugaji wa ng'ombe. Mpango ungelipa kila kitu. Lakini kwa kuwa hajatimiza miaka kumi na nane, wazazi wote wawili walitakiwa kutia sahihi mbele ya wakili. Sharifo alikwisha kutia, baada ya kuuliza swali moja tu: kama wale watu wana mbwa. Walikuwa naye. Alitia sahihi huku akisoma dua.

Miadi ya viza ilikuwa Nairobi, Alhamisi saa mbili asubuhi. Miadi nyingine ya karibu ilikuwa Septemba, na shule ya huko ingefunguliwa Agosti. Kwa hiyo safari nzima ya Ruweyda ilining'inia kwenye sahihi moja, ya baba yake, Mahat Yarow, ambaye alikuwa na ngamia wake upande wa Bura na simu aliyoiwasha alipotaka kupiga yeye.

Mahat alifika Jumatatu asubuhi juu ya lori la mbuzi. Aliingia dukani na fimbo yake, akasalimia kwa urefu, akauliza habari za mvua, za soko, za watoto wa Bilan mmoja mmoja, kisha akakaa na kusema, "Haya, nisomee."

"Yote, walaal, ndugu yangu?" Bilan aliuliza. "Panapokuhusu ni mahali pawili tu."

"Wewe ukinunua ngamia unakagua miguu miwili?"

Basi Bilan akamsomea yote, akigeuza Kiingereza kuwa Kisomali, huku Ruweyda amesimama mlangoni akijifanya hasikilizi. Mahat alisikiliza kama mtu anayesikiliza kesi. Walipofika ukurasa wa nne, fomu ilitaka kila mahali mzazi alipoishi kwa miaka mitano iliyopita, na ilikuwa imetenga mistari mitatu.

"Kila mahali?" Mahat akanyoosha mgongo.

"Ndivyo walivyoandika."

Hakuna ofisi iliyowahi kumwuliza swali zuri kama lile. Alifumba macho, akaanza na masika ya miaka mitano nyuma. Alitaja kila kambi kwa mpangilio, kuanzia Bura kuteremka hadi Ijara na kurudi, kila moja na kisima chake, majirani wake, na mnyama aliyezaa au kufa hapo. Bilan alichapa. Saa moja na nusu baadaye walikuwa na makazi thelathini na moja, na karatasi ya nyongeza iliyokuwa ndefu kuliko fomu yenyewe.

"Aabo, wao wanataka sanduku la posta tu," Ruweyda alisema.

"Sijawahi kuishi ndani ya sanduku."

Kwenye ukurasa wa tisa, Bilan alimwonyesha mahali ambapo angetia sahihi wakishafika kwa wakili. Mahat aliutazama ule mstari mtupu, akaegemea fimbo.

"Wameuliza vizuri," alisema. "Sasa ni zamu yangu."

"Zamu yako ya nini?"

"Ya kuuliza. Nilipokuwa kijana nikitaka kitambulisho, niliketishwa mbele ya wazee saba. Baba yako nani? Babu yako nani? Babu wa babu? Nilitaja ishirini na sita, jasho linanitoka. Na ile ilikuwa kadi ndogo, inaingia mfukoni. Hawa wanataka mtoto mzima, na mimi sijui hata babu wa mwenye nyumba ni nani."

Ruweyda aliingia ndani sasa. "Aabo, wale watu wamechunguzwa na mpango! Polisi wa kwao wamewachunguza!"

"Polisi wanajua nini kuhusu babu ya mtu?"

"Eeddo, mwambie! Wataniona mshamba. Watanifuta, wallahi, watachukua msichana wa Nairobi."

Bilan hakuwa shangazi yake, lakini kila mwanamke wa rika la baba alikuwa eeddo, na eeddo hutarajiwa kusuluhisha. Angeweza kumwambia Mahat kwamba mambo hayaendi hivyo. Angeweza kumkumbusha Alhamisi. Lakini kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewatazama watu wakijibu, na hata siku moja hajamwona mtu akiuliza. Alifungua ukurasa mpya kwenye kompyuta.

"Nitakuandikia fomu," alisema. "Sema."

Ilitoka ukurasa mmoja, yenye mistari na visanduku, maana Bilan hakujua kuandika kitu kisicho na visanduku. Mwenye nyumba ataje mababu zake kadiri anavyowajua. Aeleze ameishi wapi, na kwa nini alihama. Maji yao yanatoka wapi, na wanagombana na nani juu yake. Je, kuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kukaa kwa watu mwaka mzima, na alitendewaje? Kuna mtu wa ukoo aliyepotea? Swali la kama kuna kichaa katika familia Ruweyda alilipunguza makali alipotafsiri, hadi likawa swali la afya kwa jumla. Swali la mwisho, nani hupika na mnakula saa ngapi, halikuwa la Mahat. Bilan alilitia mwenyewe.

Ruweyda alituma baruapepe huku amefumba jicho moja.

"Wakijibu, nitatia sahihi au sitatia," Mahat alisema. "Wasipojibu, wamejibu." Akaenda msikitini, na kutoka msikitini akaenda sokoni kutazama bei za watu wengine.

Usiku huo hakuna aliyemsumbua Bilan, lakini Jumanne alifungua duka nusu saa kabla ya wakati wake. Alijiambia ni kwa sababu ya printa. Ruweyda alikuwa tayari mlangoni, macho mekundu, buibui limekaa upande. Kufikia saa tatu Mahat naye alikuwa kitini. Wakili aliyekuwa akigonga mihuri ya viapo alikuwa na kesi Hola kuanzia kesho yake, kwa hiyo sahihi ilikuwa ni leo au basi.

Jibu lilikuwa limekuja. Kurasa nne. Mwenye nyumba aliitwa Oddvar, na alianza kwa kusema kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwuliza mambo haya, na kwamba mke wake alilazimika kumkumbusha kwenda kukamua.

Ruweyda alisoma, akitafsiri. Oddvar alitaja mababu kumi na mmoja, majina na miaka. Mahat aliwahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa kwa heshima. Hakuwatarajia zaidi ya watatu. Wote kumi na mmoja walikuwa wameishi shamba lile lile.

"Rudia hapo," Mahat alisema.

"Shamba lile lile, aabo. Nyumba ile ile. Isipokuwa iliungua mara mbili."

"Ikaungua, na wakabaki?"

"Wakaijenga tena."

"Pale pale?"

"Pale pale."

Mahat alimgeukia Bilan. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia habari za kiumbe wa baharini. "Babu kumi na mmoja. Walikuwa wamefungwa?"

"Labda majirani walikuwa wazuri," Bilan alisema.

"Hakuna jirani mzuri wa miaka mia tatu."

Maji yalitoka mlimani na hawakugombana na mtu. Mke alipika siku za kazi, mume Jumapili, chakula cha jioni saa kumi na moja. Bilan aliomba arudiwe hilo, akabaki akiwaza ni kitu gani watu hao hufanya na njaa ya saa tatu. Mbwa alikuwa mzee na angelala ghalani mwaka mzima, kwa sababu mratibu wa mpango alikwisha kuwaeleza.

Kisha Ruweyda akafika kwenye swali la aliyepotea, na sauti yake ikashuka. Ndugu wa babu yake Oddvar, kijana wa miaka kumi na tisa, alikwenda Amerika kutafuta kazi. Aliandika barua mara mbili. Ya tatu haikuja. Mama yake aliteremka barabarani kila siku ambayo mtu wa posta alipita, kwa miaka ishirini na miwili, hadi alipofariki. "Hatujui kama alikufa au alisahau," Oddvar aliandika. "Nyumbani kwetu bado tunabishana."

Printa ilinguruma peke yake. Mahat alikuwa akitazama sakafu.

"Walimfuata?" aliuliza.

"Haisemi, aabo."

"Kama wangemfuata, angesema." Alinyanyuka. "Twendeni kwa wakili."

Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la mabati. Yeye alikuwa mtu wa Mwingi, mpole, aliyezoea watu wa haraka. Aliifungua fomu kwenye ukurasa wa tisa na kuuliza kwa Kiswahili, kama sheria inavyotaka, "Mzee, umeelewa unachotia sahihi?"

Kiswahili cha Mahat kilikuwa cha soko la mifugo, kisichokuwa na herufi p, na kilimtosha. "Mimi nafahamu. Karatasi nasema toto nakwenda. Narudi, nasema wabi?"

"Haisemi, mzee. Hii ni idhini ya kwenda."

"Basi andika."

"Siwezi kuandika juu ya fomu ya watu. Wataikataa."

Bilan alijua ni kweli. Aliwahi kuona fomu ikirudishwa kwa sababu ya alama ya kalamu iliyotoka nje ya kisanduku. Ruweyda alikuwa amekamata ukingo wa meza.

"Kama narudi hakuna, sahihi hakuna," Mahat alisema, bila hasira, kama anayetaja bei.

Wakili alitazama saa, akamtazama msichana. "Kuna njia. Unaweza kuapa hati yako mwenyewe, kando. Kiapo hubeba lolote mradi ni kweli. Niandike kwamba binti yako atarudi?"

"Hiyo mimi siwezi aba. Kesho ya mtu mwingine ni ya Mungu." Mahat alifikiri. "Andika ya mimi. Mwaka nakwisha, toto hakuna, mimi nakwenda, nachukua."

Wakili aliandika kwa ile lugha ya mawakili: kwamba mimi, Mahat Yarow, mfugaji, mtu mzima mwenye akili timamu, naapa kwamba endapo binti yangu hatakuwa amerejea muda uliotajwa ukiisha, nitasafiri mwenyewe hadi mahali anapoishi na kumrejesha nyumbani. Mahat alitaka iongezwe insha'Allah. Wakili hakuwahi kuigongea muhuri, lakini hakukumbuka sheria inayoikataza.

Mahat alitia sahihi hati ile kwanza. Kisha akatia ya ukurasa wa tisa, taratibu, herufi kubwa. Ruweyda alitoka nje kwenye ngazi, na Bilan akamwacha alie huko.

Hati ya kiapo haikuwa kwenye orodha ya vitu vilivyotakiwa. Bilan aliitia kwenye bahasha hata hivyo, mwisho kabisa, nyuma ya picha.

Alhamisi mchana Ruweyda alipiga simu kutoka Nairobi, kelele za mjini nyuma yake.

"Eeddo, aliisoma!"

"Nani? Nini?"

"Yule mama wa dirishani. Ile ya aabo. Alisoma mara mbili. Akaniuliza, baba yako anamaanisha hivi? Nikamwambia mwaka juzi alimfuata ngamia mmoja siku kumi na saba, na ngamia mwenyewe alikuwa kizee, hana maziwa."

"Akasema?"

"Aliichukua, akaiweka juu ya zile zingine zote. Majibu baada ya wiki tatu."

Bilan aliweka simu chini na kukaa akifikiri. Hakuona tena tofauti kubwa kati ya yule mama wa dirishani na Mahat. Wote wawili walikuwa wameuliza jambo moja, kama mtoto atarudi, ila mmoja alikuwa na kurasa kumi na moja.

Jumamosi Mahat aliingia dukani. Lori la kurudi Bura lilikuwa likipakia mtaa wa pili. Alisalimia, akauliza habari za mvua, za soko, za watoto.

"Pasipoti," alisema kisha, "inachukua muda gani kutoka?"

"Ya Ruweyda? Walaal, Ruweyda anayo tangu Machi."

"Yangu."

Bilan alimtazama. "Uliweka insha'Allah kwenye kiapo. Hakuna atakayekudai."

"Niliweka. Sehemu ya Mungu ni ya Mungu. Hii ya karatasi ni yangu." Aliegemeza fimbo ukutani, akavua kofia na kulainisha nywele kwa kiganja. "Picha mnapigia wapi?"