Mafuta Yaliyokuwa Yakirudi

Pale kwenye kiwanda cha maziwa hakuna aliyemwita mhasibu kwa jina lake. Aliitwa Desimali, na jina hilo alilipata kihalali. Ukimwambia imeshafika saa tatu, anakusahihisha kwamba bado dakika mbili. Ukikata keki ya kumuaga mfanyakazi, anakuonyesha kipande kilichozidi vingine. Wenzake walimcheka, lakini hesabu zikiwagomea walijua mlango wa kubisha, naye aliwafungulia kwa tabasamu la mtu aliyekuwa akiwasubiri. Maringo alikuwa nayo, tusimfichie.

Nyuma ya kiwanda palikuwa na jenereta na tangi la dizeli, pipa kubwa la chuma lililolazwa ubavu. Mtunza jenereta alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, na kazi hiyo ni yeye aliyemwombea. Kila asubuhi shemeji alichovya kijiti chenye alama za sentimita, kisha akampigia simu.

"Shemeji, leo mia na kumi na mbili."

"Asante, shemeji."

Basi, hakuna la ziada.

Lakini sentimita si lita. Tangi lililolala lina tumbo: sentimita moja ya katikati hubeba mafuta mengi kuliko ya chini au ya juu. Hilo nalo Desimali alilipatia dawa. Tangi lilipokuwa jipya walilijaza kidogo kidogo, wakipima kila hatua. Vipimo akaviingiza kwenye kompyuta, akachora chati, akaiamuru ipitishe mstari uliopinda kufuata vitone. Mstari ukavipitia vyote kama uzi kwenye shanga, na pembeni kompyuta ikaandika fomula yake. Akainakili kama ilivyo. Tangu siku hiyo yeye akiingiza sentimita, kompyuta inampa lita.

Siku moja lori likaleta mafuta mengi kuliko kawaida, tangi likakaribia kujaa pomoni, na hesabu ikaonyesha upungufu wa lita mia mbili na ushei. Mita ya lori ilikuwa na lakiri yake, haijavunjwa. Lori lililofuata, vilevile. Desimali alirudia hesabu mara nne, kisha akaenda mwenyewe kwa meneja. Mpokeaji wa mafuta ni mmoja tu, na kazini, alijiambia, hakuna shemeji.

"Akae nyumbani," alisema meneja. "Nipe hesabu kamili Ijumaa, nimkabidhi polisi."

Jioni hiyo mdogo wake hakupokea simu.

Sasa kijiti kikawa mikononi mwa Desimali. Umeme ulikatika wiki nzima, jenereta haikupumzika, na mafuta yakashuka haraka. Jenereta ilikuwa na mita ya kuonyesha lita ilizochoma, kwa hiyo kazi yake ilikuwa nyepesi: yaliyochomwa ujumlishe na yaliyobaki, ulinganishe na yaliyokuwamo pamoja na yaliyoletwa. Siku ya kwanza zilipungua mia mbili na ushei. Siku ya pili, mia na hamsini. Ya tatu, chini ya mia. Desimali akapandwa na hasira. Kumbe jamaa anaingia kwa siri kurudisha! Akaenda kununua kufuli jipya.

Kufuli halikusaidia. Tangi lilipofika robo, upungufu ulikuwa umeyeyuka, zikabaki lita chache tu. Mwizi gani huyu, anayeiba tangi likijaa na kurudisha kila linapopungua?

Hapo ndipo alipoifungua tena ile chati. Akaibonyeza fomula, akaiagiza ionyeshe tarakimu zake zote. Namba ya mwisho, ile inayozidishwa na kina cha mafuta mara tatu mfululizo kisha ikatolewa, ilikuwa imeandikwa 0.0016. Ikajifungua mbele yake: 0.00157, na tarakimu nyingine zikifuatana. Mstari ulikuwa umechorwa kwa namba nzima. Iliyoandikwa pembeni ilikuwa imefupishwa ili isomeke vizuri, naye ndiyo aliyoichukua. Mafuta yakiwa chini, tofauti ile si kitu. Yakikaribia kujaa, inameza lita mia mbili.

Yeye, Desimali, kaponzwa na desimali. Alicheka kicheko kibaya, kisha akalia palepale mezani.

Meneja alisikiliza, akakuna kidevu. "Basi Jumatatu arudi kazini."

Jioni akaenda kwa mdogo wake. Shemeji alikuwa uani akiziba pancha ya baiskeli ya mtoto. Desimali alieleza yote, akachora tangi kwenye karatasi, akaomba msamaha. Shemeji hakuinua macho mpaka kiraka kiliposhika.

"Hesabu uliirudia mara ngapi kabla ya kwenda kwa meneja?"

"Mara nne."

"Na mimi uliniuliza mara ngapi?"

Mdogo wake, aliyekuwa akianua nguo, akasimamisha mikono. Desimali alitafuta maelezo, na maelezo alikuwa nayo tele, lakini aliyeulizwa alikuwa yeye, si kompyuta.

"Hata mara moja," alisema. "Nilikudhania mwizi."

"Nimesikia," alijibu shemeji, akaanza kujaza upepo.

Jumatatu asubuhi simu iliita saa ileile. Desimali aliidaka kabla haijaita mara ya pili.

"Hamsini na nane," ilisema sauti.

Akasubiri aitwe shemeji. Simu ilikuwa imeshakatwa.