Kipa wa Mstari wa Mbele

Katika kisiwa chote cha Mafia, anayeijua historia ya klabu ya mpira wa magongo wa barafuni ni mimi peke yangu, na naomba msinicheke kwanza. Ni klabu ya mji mmoja wa Kroatia, wakati ule ikiwa ndani ya Yugoslavia. Nilisimuliwa na mtu aliyeichezea, alasiri baada ya alasiri, katika kituo cha samaki pale Utende. Mimi nilikuwa karani, yeye fundi wa mtambo wa barafu.

Zilikuwa siku za Ujamaa. Wavuvi wa Juani na Chole walileta samaki wao kituoni, na wale wa dago, waliokuja kupiga kambi kwa msimu kutoka Kilwa, nao wakaleta. Shida ilikuwa moja tu: samaki waliharibika kabla ya kufika Dar es Salaam. Ndipo nchi rafiki ikatupa mtambo, na fundi juu yake. Mzungu mrefu, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Alijifunza shikamoo siku ya kwanza, akawa anamwamkia kila mtu, hata watoto wanaokwenda chuoni kusoma Kurani. Nao wakamwitikia marahaba kwa sauti nzito ya kizee, hawana adabu wale! Mimi aliniita Ndugu Karani, na mimi nikamwita Fundi.

"Kwetu tunacheza juu ya hii," aliniambia siku moja, akigonga bonge la barafu.

"Mnacheza nini, kuanguka?"

"Na kuanguka pia," akasema. "Kuanguka kwanza."

Klabu yenyewe ilianzishwa na vijana wa mtaa wake. Majira ya baridi walimwaga maji kwenye kiwanja cha tenisi, na kulipokucha maji yalikuwa yameganda. Magongo walichongewa na seremala wa majeneza. Jezi zilishonwa kwa mapazia ya mama wa nahodha wao, mwenyewe hajaulizwa. Hawapigi mpira, wanapiga kisahani cheusi kigumu, na chini ya viatu wamefunga vyuma vyenye makali kama kisu. Mechi ya kwanza walifungwa mpaka mwamuzi akachoka kuhesabu, na kipa wao akaacha siku hiyohiyo.

Hapo ndipo alipoingia mdogo wake Fundi. Kijana akajifunga mito ya kulalia miguuni, akasimama golini msimu mzima, na klabu ikashinda mechi yake ya kwanza. Wakapigwa picha. Kisha ikaja vita kuu ya pili. Kijana yule alikwenda na hakurudi. Wenzake wengi walikufa, wengine wakatawanyika, na karatasi za klabu ziliungua pamoja na nyumba ya katibu.

Baada ya vita klabu ilifufuliwa chini ya kiwanda. Ikajengewa uwanja wenye paa, na mtambo wa kugandisha sakafu. Fundi, magoti yakiwa yameshakwisha, akapewa kazi ya kuutunza mtambo ule, na ndiko alikojifunzia barafu. Mwishowe wachezaji wakaanza kulipwa mshahara. Hilo wavuvi wetu walilikataa katakata.

"Mshahara wa kuteleza? Wacha we, Fundi!"

Akacheka nao. Kwa hiyo barafu iliyohifadhi samaki wa Mafia ilitoka kwenye klabu ile, na mimi nilipaswa kulikumbuka hilo.

Siku moja alipata barua kutoka kwao. Klabu ilikuwa inatayarisha kitabu cha historia yake. Picha ya timu ya kwanza ilikuwa imepatikana kwa mjane mmoja, lakini hakuna aliyeweza kumtaja kipa. Waliobaki walikuja klabuni baadaye, hawakumjua. "Aliyebaki ni mimi," Fundi akaniambia. Aliandika siku nne, kurasa saba, kwa lugha yao, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza herufi. Kila ukurasa akimaliza ananieleza alichoandika. Kisha akanikabidhi bahasha kwa mikono miwili.

"Kitabu kinakwenda kuchapwa mwisho wa mwezi ujao," akasema. "Mdogo wangu hana kaburi, Ndugu Karani. Atakuwa na mstari huo mmoja, chini ya picha."

Barua zote za kituo zilipita mikononi mwangu. Kila Alhamisi nilizipeleka Posta ya Kilindoni kwa Landrova ya kituo.

Sasa, wiki hiyohiyo mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa. Nilikuwa nimeshatamba kwa shangazi zangu wote kwamba sharubati ya harusi hii itakuwa na barafu, kitu ambacho hakijaonekana Utende. Asubuhi ya harusi nikaenda na shangazi yangu mkubwa na beseni. Fundi akatikisa kichwa.

"Hapana. Mashua tatu zimejaa. Barafu ni ya samaki."

"Bonge moja tu, Fundi."

"Bonge moja ni kapu zima la samaki kuoza."

Mbele ya shangazi yangu! Tukarudi na beseni tupu, sharubati ikanywewa na uvuguvugu wake. Wanawake wakapata la kusema. "Karani wa barafu huyo! Mpeni ungo aipepee sharubati!" Nilicheka nao kwa meno tu.

Mimi nikinuna nanuna kweli. Mama yangu alikuwa akisema uso wangu unaweza kugandisha maji bila mtambo. Alhamisi ile nikapeleka barua zote, ila bahasha ya Fundi nikaiacha kwenye droo. Wiki moja tu, nikajisemea, naye aonje kusubiri. Alhamisi iliyofuata Landrova ikakatika ekseli. Halafu masika yakaharibu barabara. Lakini nisijitetee, watu walikwenda Kilindoni kwa baiskeli kila siku, na yeyote ningempa angeichukua. Hasira ilikuwa imekwisha zamani. Kilichobaki ni haya, na kila siku niliyochelewa ilizidisha haya za kesho yake. Mwisho wa mwezi uliotajwa ukapita.

"Ndugu Karani," akaniuliza, "barua imekwenda?"

"Imekwenda."

Akaweka mkono kifuani, akanishukuru.

Mkataba wake ulipokwisha tulimpa mikeka na nazi, wanawake wakampigia vigelegele. Mtambo nao ukaharibika, vipuri vikakosekana, samaki wakarudi kuoza. Baada ya muda ukanifikia mfuko wa posta kutoka kwao. Ndani mlikuwa na kitabu kizito, na barua ya Kiswahili chake: "Ndugu Karani, shikamoo. Nilipofika nyumbani kitabu kilikuwa kimechapwa. Barua yangu ilipotea njiani. Si kosa lako, posta ni posta. Nakuletea kitabu kwa sababu wewe unajua habari zetu."

Nilifungua penye ile picha. Chini yake kulikuwa na majina yao, mmoja baada ya mwingine, na mahali pa kipa pana alama ya kuuliza. Alama hiyo sikuhitaji kutafsiriwa. Nililia, wallahi, nikalia mpaka mama akadhani nimepata habari ya msiba.

Na bado nilimjibu nikimpa pole. Nikailaani posta pamoja naye. Hilo ndilo lisiloniacha, kwamba nilipata nafasi ya pili ya kusema kweli, na kalamu nikaishika mwenyewe. Barua niliyokuja kuiandika miaka mingi baadaye, yenye kweli yote, ilirudi. Nchi ile ilikuwa imeshavunjika, na Fundi, kwa umri wake, nadhani alikuwa ameshatangulia.

Kurasa saba ninazo sandukuni, ndani ya kitabu. Lugha yake siijui, ila jina la kipa nalitambua kila linapotokea, na limetokea mara kumi na moja. Sitaliandika hapa. Mahali pake ni chini ya picha ile, mstari wa mbele, kijana mwenye mito miguuni, anacheka. Kaka yake alimtafutia mahali hapo kwa siku nne, na mimi nikamnyima kwa sababu ya sharubati.