Nyayo Chini ya Mikorosho ya Mjomba

Mwalimu aliniita shuleni Jumatatu, akanikabidhi karatasi. Kiti hakunipa. Ni binti mdogo kuliko mimi, amekuja kwetu Nambambo mwaka huu, na anaongea na wazazi kama vile wote tumefeli mtihani mmoja.

"Angalia mwenyewe, mama," akasema. "Niliwaambia wachore njia wanayopita kuja shule. Wako amechora hivyo. Na wiki ya tatu sasa anachelewa. Huko njiani kuna nini?"

Nikaangalia. Nyumba yetu ilikuwa kubwa kuliko shule. Mlangoni kuku na vifaranga, kila kifaranga na miguu yake. Kisima. Kisiki chenye siafu, siafu wenyewe wakubwa kama mbuzi. Halafu njia ikakata kushoto, ikashuka, ikajizungusha kama utumbo, na katikati ya mzunguko akasimama mtu. Mwanaume. Amepakwa penseli mwili mzima mpaka karatasi imechanika. Hana macho, hana mdomo, ana mikono tu, mirefu. Na pale inapopita njia yenyewe, ile ninayoijua mimi, palikuwa peupe. Hata mti mmoja hakuchora.

Kutoka kwetu mpaka shule ni dakika ishirini kwa miguu ya mtoto. Unatoka uani, unapita kisima, unaingia kwenye mikorosho ya mjomba wangu, ukitokea upande wa pili unaiona bendera. Hakuna kushuka. Hakuna kuzunguka. Binti yangu ana miaka saba, yuko darasa la pili, na amemchora mwanaume asiye na uso katikati ya njia isiyokuwepo. Mimi si mjinga. Redio nasikiliza.

Nyumbani nikamkalisha kwenye mkeka.

"Huyu nani?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Wa kule."

"Anakufanya nini?"

"Hafanyi."

"Anakupa vitu?"

Akaanza kuvuta uzi kwenye mkeka. Mwezi uliopita nilikuwa nimekuta karatasi ya biskuti kwenye mfuko wa sketi yake ya shule, na mimi hela ya biskuti sijampa. Sikumpiga. Naandika hivyo kwa sababu nilitaka, Mungu anisamehe, nilitaka kumtikisa mpaka jina lidondoke.

Nikampigia baba yake, yuko Ruangwa kwenye kazi. Akasikiliza, kisha akauliza, "Mwanaume gani huyo anayezunguka hapo kwako?" Hapo kwako. Kana kwamba nimemwalika chai. Nikakata simu.

Siku mbili zile sikumwamini mtu. Mwenye duka alimwita mtoto wangu "mchumba" mbele yangu, miaka yote tulikuwa tukicheka. Nikamwambia akirudia nitampasulia mizani yake. Fundi baiskeli akinisalimia naangalia mikono yake, ni mirefu au mifupi. Nilikuwa nalala na mtoto kitandani kwangu nikisikiliza anavyopumua. Nilijiuliza anaijuaje njia nyingine wakati mimi mwenyewe nilimshika mkono mwezi wa kwanza, nikamwonyesha: hapa kisima, hapa mikorosho ya babu yako, hapa shule.

Ila nami niliwahi kuwa na njia yangu. Nilikulia Ruangwa mjini, na njia yangu ya shule ilikuwa na mashine ya kusaga; ukiisikia kabla hujavuka mfereji, umewahi, ukiisikia baada ya mfereji, fimbo. Ilikuwa na nyumba ya bibi mmoja aliyetutukana matusi ya nguoni kila tukipita, kwa hiyo mahali pale tulikuwa tunakimbia, na kwa sababu tunakimbia palikuwa pafupi. Mama yangu angeambiwa achore njia ile asingemweka bibi yule kabisa. Yeye alikuwa akimwamkia, wanaulizana hali za nyumbani. Kilomita sikuwa nazijua. Nilijua pa kukimbia na pa kutembea. Kwa hiyo niliposhika karatasi ya binti yangu nilijua haongopi. Nilichokosa ni akili ya kuangalia mahali pa kuangalia. Mimi nilimkodolea macho yule mtu aliyechorwa, si pale palipoachwa peupe.

Jumanne jioni nilimpitia mjomba. Ni kaka yake mama, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada zake, awe na akili asiwe nazo. Ndiye aliyenipa pa kujenga niliporudi upande huu. Nilimkuta anafagia chini ya mikorosho. Msimu wa korosho lazima ufagie, majani yote utoe, ardhi iwe safi kama uwanja wa harusi, ili korosho ikidondoka uione. Yake inapendeza. Anafagia mistari mistari.

"Mjomba, kuna mtu anamvizia mjukuu wako njiani."

Ufagio ukasimama. "Kasema nani?"

"Hajasema. Amechora."

Akafagia tena kidogo, akainama kuokota korosho ambayo sikuiona. "Watoto wa siku hizi," akasema. "Mfuate basi uone." Hakuniangalia. Nilidhani ni uzee.

Jumatano nikamfuata. Nilimwacha atangulie, nikapita nyuma ya mashamba ya ufuta, khanga nimejifunga kiunoni, mkononi nina mpini wa jembe. Kisimani akakutana na wenzake. Walikuwa saba. Walipofika ukingo wa mikorosho ya mjomba wakasimama wote, kimya, kama watu wanaosubiri kuvuka barabara ya lami. Mmoja akachungulia. Kisha wakakata kushoto, wakaambaa na ukingo kwa kunyata, malapa mkononi. Wa mwisho alikuwa binti yangu. Alikuwa amevunja tawi lenye majani na anatembea kinyumenyume, anafuta nyayo. Anafuta za wenzake kwanza, halafu yake, halafu anarudi hatua moja, anafuta tena. Taratibu, kwa bidii ambayo kwenye vyombo sijawahi kuiona.

Nilipata baridi, na jua limeshatoka.

Wakashuka korongoni. Lile korongo kiangazi ni mchanga na matope machache, lakini kingo zake ni ndefu kuliko mtu mzima. Na chini kule, kweli, alikuwepo mwanaume. Anafyatua tofali. Amejaa matope kuanzia utosini mpaka miguuni, yamemkaukia, uso hauonekani. Watoto wakampita wakikimbia. Akainua mkono mrefu ule, akaanza kuwanyooshea kidole mmoja mmoja.

Nilishuka ule ukingo kwa makalio. Watoto walishapotea kwenye kona.

"Unamtaka nini mtoto wangu?"

Akageuka, akaona mpini, akarudi nyuma mpaka akakanyaga tofali zake mbichi. "Dada! Dada, taratibu! Mtoto yupi?"

"Unawapa biskuti!"

"Biskuti? Mimi mwenyewe tangu jana nimekunywa uji tu. Nawahesabu tu, dada yangu. Huwa saba. Wiki iliyopita walikuja sita nikapanda mpaka juu kumtafuta wa saba, kumbe anaumwa." Akajifuta mdomo, akajipaka matope zaidi. "Nimewaambia mara ngapi wasipite huku. Hujaona mawingu ya jana? Mvua ikinyesha kule juu, hili korongo halipigi hodi. Mimi mwenyewe Ijumaa nahama."

"Sasa kwa nini wanapita huku?"

"Wanasema juu kule wanachukuliwa unyayo."

Nikabaki na mpini wangu. Kila mtu huku anajua maana yake. Mtu anachota mchanga uliokanyaga, anaenda nao anakokujua, na mguu wako unaanza kuvimba, au unakuwa chizi, au unakufa, inategemea anakuchukia kiasi gani. Nimesoma baiolojia mpaka kidato cha nne. Ninajua mguu unavimba kwa nini. Lakini niliposikia lile neno vidole vyangu vilijikunja vyenyewe ndani ya malapa.

Sikumwomba msamaha yule bwana, na nilipaswa.

Mchana mtoto aliporudi sikuuliza tena habari za mtu. Nilimwuliza nani kasema anachukua unyayo.

"Babu."

"Babu yupi?"

"Babu wa mikorosho. Alisema anatujua. Alisema atakayekanyaga tena, atauchota unyayo wake."

Nilifika kwa mjomba nikiwa sina shikamoo mdomoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anatenganisha korosho na mabibo, mikono inanata utomvu.

"Kumbe ni wewe."

"Keti kwanza."

"Sikai. Watoto saba wanapita korongoni kwa ajili ya mdomo wako, mvua inakuja, na mimi nilikuja hapa nikakwambia, ukaendelea kufagia!"

"Umemaliza?"

"Sijaanza."

Akaendelea kunyonga bibo, akalitupa kwenye ndoo. "Muulize mwanao biskuti alikuwa anazitoa wapi."

Nikashusha mkono.

"Alikuwa anaokota korosho zangu, anapeleka dukani, anapewa biskuti. Si yeye peke yake, lakini yeye ndiye aliyekuwa anakuja mpaka kwenye mti wa katikati. Kidole chake cha mwisho kinaangalia nje, kama cha baba yake. Kila asubuhi nilikuwa nakiona kwenye mchanga. Ningemsimamisha mbele ya wenzake nimwite mwizi, mjukuu wangu mimi? Nikawatisha wote."

"Ungeniambia mimi."

Akacheka, akaangalia juu. "Nikwambie wewe? Wewe na mdomo huo? Mwenye duka juzi umetaka kumpasulia mizani. Huyo mtoto ungemvunja."

"Basi waambie," nikasema. "Waite watoto uwaambie huchukui kitu."

"Siwezi."

"Hutaki."

"Siwezi, mwanangu, tumia hiyo shule uliyosoma. Nikisema sitachukua, nimesema naweza. Nikitema maji kuwasafisha nikasema nimeuondoa uchawi, nimesema ulikuwepo. Kesho kutwa mguu wa mtoto wa mtu ukiingia mwiba, wanakuja kwa nani?" Akajinyooshea kidole machoni. Macho ya mjomba ni mekundu miaka mingi, ni salfa anayopuliza kwenye mikorosho bila kuvaa kitu usoni. "Na macho haya. Unajua mzee mwenye macho haya anaitwaje."

Nilimwangalia. Ni kweli nilijua anaitwaje. Na nilijua pia kwamba mtu asiye na uchawi angejibu maneno yaleyale, na mtu aliye nao angejibu maneno yaleyale. Nimekula ugali wa nyumba hii. Bado nilisimama mbali kidogo.

"Kesho watapita wapi, mjomba?"

Radi ikapiga mbali, upande wa Marambo, na sote wawili tukageuza shingo kuelekea korongoni.

Usiku ule nilimwuliza binti yangu korosho ngapi. Akaniambia hajui, akalia, akaniuliza kama mguu wake umeshaanza. Nikawasha tochi ya simu, tukauangalia pamoja. Hauna kitu. Nikamwambia wizi ni wizi na kesho atapita njia iliyonyooka. Akasema, "Wewe tangulia."

Asubuhi mawingu yalikuwa yamekaa chini. Watoto walisimama ukingoni kama jana, na mimi nyuma yao. Nilikuwa nimejiandaa kuwaburuza. Mjomba akatokea kwenye miti yake, kofia kichwani, hana ufagio. Watoto wakarudi nyuma wakanikanyaga. Hakusema neno kuhusu unyayo. Alivua malapa yake akayashika mkononi, akageuka, akatembea peku kwenye ardhi aliyoifagia mwenyewe, katikati kabisa, taratibu, anakandamiza kisigino kila hatua. Alipofika upande wa shule akageuka akatuonyesha mchanga.

"Za kwangu hizo," akasema kwa sauti. "Wazi kabisa. Atakaye achote."

Watoto wakaangaliana. Nyayo za mzee zilikuwa pale, kubwa, zimepasuka kisigino. Mmoja akacheka. Kisha wakavuka, kwanza wakiruka, halafu wakikimbia, na binti yangu akakimbia nao bila kuniangalia, kidole chake kikitazama nje kila hatua. Korosho zilizokuwa chini hakuna aliyezigusa. Mjomba akawapisha. Alinipita akirudi kwake, akasema, "Haya, mama mkali," nikasema, "Ahsante, mjomba," na nilikuwa namaanisha.

Nikasubiri mpaka alipoingia ndani na mlango ukafungwa. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanza, makubwa, machache. Mvua ingefanya kazi ile yenyewe baada ya dakika kumi. Nikaingia chini ya miti, nikazitafuta nyayo za watoto, moja moja, nikazifuta zote kwa mguu. Za mjomba nikaziacha.